Jalada la Albamu Hupimwa kwa Vidole

Kazi yangu ni masanduku ya kadibodi. Nachora mikunjo, napanga visu vya mashine ya kukatia, nasimamia gundi. Mengi ni ya dawa, viatu na sabuni. Jalada la muziki huja kwa nadra, na siku likija hakuna wa kunitoa kwenye mashine. Kwa hiyo msomaji ajue mapema anasoma tathmini ya mtu wa namna gani. Wengine wakishika albamu hutazama picha ya mbele. Mimi huigeuza ubavu kwanza nione mgongo, kisha nachungulia ndani nione gundi imekaa wapi. Mpiga picha huandikwa jina, msanifu huandikwa, hata msusi wa mwimbaji siku hizi huandikwa. Aliyekata kadibodi haandikwi. Basi angalau maksi nitoe mimi.

Kigezo changu ni kimoja: jalada zuri linakuita ulifungue, na ukilifungua kwa mara ya mia bado linaitoa santuri salama na kuirudisha salama. Picha, hata ipendeze vipi, ni nusu ya kazi. Ikikaa kwenye jalada baya inabaki kuwa bango, na bango halihitaji mfuko.

Zamani hata picha haikuwepo. Santuri za shelaki, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo muziki mrefu uligawanywa kwenye santuri kadhaa na kufungwa katika kitabu kizito chenye mifuko ya karatasi. Ganda lilikuwa la rangi moja, jina limegongwa mgongoni, basi. Mwaka 1940 kijana mmoja wa kampuni ya muziki ya Columbia Records, Alex Steinweiss, aliwashawishi mabosi wake wamwache achore mbele ya vitabu hivyo, na biashara ya muziki haikurudi tena ilikotoka. Watu humsifu kwa michoro. Mimi namsifu kwa jambo lililofuata. Columbia ilipotoa santuri ndefu za vinili mwaka 1948, zenye mifuo myembamba, yaani ile mistari inayopitiwa na sindano, na mizunguko 33⅓ kwa dakika, mifuko ya karatasi nzito iliyokuwepo iliziachia alama. Steinweiss ndiye aliyeshughulikia mfuko wa kadibodi nyembamba iliyovikwa karatasi iliyochapwa, na umbo hilo ndilo tunalolishika mpaka leo: mraba wa sentimita 31 na ushee, mdomo wazi upande mmoja.

Ukitaka kujua jalada lililotengenezwa kwa heshima, tafuta lile la karatasi iliyobandikwa juu ya kadibodi. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi laini, kisha karatasi hiyo huvishwa ubao mgumu na kukunjwa kingoni. Rangi zinatulia, kona zinakaa imara, na ukiligonga kwa ukucha linatoa mlio mzito. Aina ya pili huchapwa moja kwa moja juu ya kadibodi. Ni nafuu, ni ya haraka, na si dhambi, ila fundi akikunja kadibodi kinyume na mwelekeo wa nyuzi zake, mgongo utapasuka mstari mweupe kabla hujamaliza kuisikiliza albamu yenyewe. Uingereza miaka ya 1960 walikuwa na mtindo wao: mbele pamepakwa utando wa kung'aa, na kingo za karatasi hiyo zimekunjwa zikabandikwa kwa nje, upande wa nyuma, mishono yote ikionekana. Wengine huuona kama kazi isiyomalizika. Mimi huupenda kwa sababu hauna siri. Unaona pale fundi alipopita.

Sasa nije kwenye jalada ninalolipa maksi za juu kuliko yote. Physical Graffiti ya Led Zeppelin, ya mwaka 1975, imetengenezwa kwa picha ya jengo la ghorofa la New York, namba 96 na 98 mtaa wa St. Mark's Place. Jengo halisi lilikuwa refu mno kwa mraba, kwa hiyo ghorofa moja iliondolewa kwenye picha. Mbele ni mchana, nyuma ni usiku. Halafu madirisha yamekatwa kweli kweli, matundu yanayopita kwenye kadibodi, na nyuma yake unaingiza mifuko ya ndani yenye picha za watu na vitu. Ukibadilisha mfuko, wakazi wa jengo wanabadilika. Ukiweka karatasi ya katikati, herufi za jina la albamu zinajipanga, moja kila dirisha. Peter Corriston na Mike Doud ndio waliosanifu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwani hii ndiyo fani yangu. Kukata tundu moja kwenye kadibodi si kazi. Kukata madirisha mengi madogo yaliyokaribiana ni shughuli nyingine. Vipande vyembamba vinavyobaki kati ya dirisha na dirisha ndivyo vinavyobeba uzito wote, na kila mfuko wa ndani unapoingia, kona yake inatafuta pa kukwamia. Kisha kuna suala la kulingana. Picha ikichapwa ikasogea hata milimita moja upande, kisu kinakata ukuta badala ya kioo, na jengo zima linaonekana limelewa. Kwenye nakala nilizoshika, mistari inakaa pale pale inapotakiwa. Muhimu zaidi, mchezo huu hauharibu chochote. Unaucheza leo, unaucheza mwakani, na kila mara santuri inatoka kwa mlango wake wa kawaida. Mchezo na matumizi vimefungwa pamoja: huwezi kusikiliza albamu bila kuhamisha wakazi.

Bendi hiyo hiyo ilikuwa imejaribu kitu kama hicho mwaka 1970 kwenye Led Zeppelin III, gurudumu la karatasi lililofichwa ndani ya jalada, unalizungusha kwa kidole na picha zinapita kwenye matundu. Linafurahisha kwa dakika tano. Baada ya hapo unagundua kuwa gurudumu halina uhusiano wowote na kutoa santuri, na watoto wameshalipinda ukingo.

Ubunifu maarufu kuliko wote duniani mimi naupa maksi za chini, na mashabiki wanisamehe. Sticky Fingers ya Rolling Stones, 1971: wazo la msanii Andy Warhol, utekelezaji wa Craig Braun. Suruali ya jeans imepigwa picha kiunoni, na zipu ni zipu kweli, ya chuma, inafunguka, nyuma yake kuna picha ya chupi. Kama picha ya tangazo ni ya ajabu. Kama sanduku ni balaa. Majalada yalipopangwa moja juu ya jingine kwa ajili ya kusafirishwa, kichwa cha zipu kilikandamiza santuri ya jirani yake na kuitia kidonda kwenye mifuo. Suluhisho la Braun ni la kifundi kabisa, na ndilo linalonifanya nimheshimu: zipu zote zishushwe mpaka katikati kabla ya kufungashwa. Kichwa kikikaa hapo kinaangukia lebo ya karatasi iliyo katikati ya santuri, ambako sindano haifiki. Santuri zikapona. Lakini wewe uliyeinunua ukiipandisha zipu na kuirudisha rafuni, tatizo lile lile unalipa makao nyumbani kwako. Jalada linalotaka mwenye mali akumbuke kushusha zipu kila mara halijamaliza kazi yake.

Kuna kundi jingine linalonichanganya kichwa zaidi: majalada yanayokutaka uyaharibu. Albamu ya kwanza ya The Velvet Underground na Nico, mwaka 1967, ina ndizi ya Warhol ambayo ni stika. Imeandikwa kabisa kwamba uimenye taratibu uone, na ukiimenya unakuta ndizi ya waridi. Wish You Were Here ya Pink Floyd, 1975, kazi ya studio ya usanifu ya Hipgnosis, ilifungwa ndani ya plastiki nyeusi tii, picha ya mtu anayewaka moto imefichwa kabisa, nje kuna stika tu ya mikono miwili ya chuma ikishikana. Ili usikilize lazima uichane plastiki. Mwaka 1997 Spiritualized walitoa Ladies and Gentlemen We Are Floating in Space kama dawa ya hospitali: boksi jeupe, karatasi ya maelekezo ya matumizi, na CD imezibwa nyuma ya karatasi ya alumini unayoitoboa kama kidonge. Mark Farrow ndiye msanifu, na mimi ninayekata maboksi ya dawa nathibitisha kuwa ameyaelewa vizuri kuliko baadhi ya wateja wangu.

Je, yanafaulu kigezo changu? Kwa haki, la. Hufunguliwa mara moja tu, na mara hiyo moja ni ya fujo. Lakini nayapa maksi ya kati kwa sababu yanamlazimisha mtu achague kati ya kumiliki na kusikiliza, na soko limeshajibu kwa namna yake: nakala ambayo ndizi haijamenywa huuzwa ghali kuliko iliyomenywa. Yaani aliyetii maelekezo amepoteza fedha. Mimi ningemenya. Kitu kilichoandikwa kimenywe, ukakiacha miaka yote hiyo kikiwa kizima, kwangu ni sawa na kununua chungu usipike.

Pink Floyd hao hao miaka miwili nyuma walikuwa wametuonyesha njia ya upole. The Dark Side of the Moon, 1973: mwanga mweupe unaingia kwenye kioo cha pembetatu na kutoka ukiwa na rangi sita, si saba, kwani rangi ya nili iliachwa. Ukilikunjua jalada, mkanda wa rangi unaendelea ndani na kugeuka mstari wa mapigo ya moyo. Hakuna zipu, hakuna tundu, ni mkunjo mmoja tu uliotumiwa kwa akili. Karibu kila jalada la kukunjua lililotengenezwa baada ya hapo lina nafasi mbili kubwa za ndani, na nyingi zimejazwa picha za wanamuziki wakiwa wamechoka.

Upande wa ukorofi kuna Metal Box ya Public Image Ltd, 1979, santuri tatu ndani ya kopo la bati la mviringo mfano wa yale ya kuhifadhia filamu. Kopo ni zuri, jina limechapwa kwa kuinuliwa juu ya bati, na ukiligonga linaitikia. Kuzitoa santuri sasa! Zimebanana, zimetenganishwa na karatasi za duara tu, hakuna pa kuingiza kidole. Unainamisha kopo na kuomba dua. Mwaka uliofuata zilitolewa upya kwenye jalada la kawaida la kukunjua, na hilo peke yake ni maoni ya kutosha. Kampuni ya muziki ya Factory Records nayo mwaka 1980 ilitoa albamu ya The Durutti Column ndani ya msasa. Msasa wa kusugulia mbao. Nia ilikuwa ikwangue majalada ya jirani rafuni. Kama utani unachekesha, na utani wenyewe umeazimwa kutoka kitabu cha sanaa kilichovikwa msasa miaka ishirini na zaidi kabla. Kwenye rafu yangu isije.

Factory hao hao ndio waliotoa Blue Monday ya New Order, mwaka 1983. Peter Saville alilipa jalada umbo la diski ya kompyuta, lenye matundu yaliyokatwa yanayoonyesha mfuko wa ndani wa rangi ya fedha, bila jina la bendi wala la wimbo mbele, ila vipande vya rangi ukingoni ambavyo ufunguo wake ulikuwa nyuma ya albamu nyingine ya bendi hiyo. Husimuliwa kwamba kila nakala iliyouzwa iliwatia hasara, ingawa wahusika wenyewe wameisimulia hadithi hiyo kwa namna zisizofanana. Mimi naiamini nusu. Matundu yanataka kisu chake maalumu, na vipande vilivyokatwa lazima vipigwe vidondoke. Kimoja tu kikigoma, mashine inasimama na mkunjaji analipwa akiwa amekaa. Toleo la baadaye lilikuja bila matundu, na ukilishika unajua mara moja ni mhasibu aliyelishika kabla yako.

CD nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyokaa majumbani mwetu muda mrefu. Kasha lake gumu la plastiki, kazi ya Peter Doodson kwa ajili ya Philips, lina milimita 142 kwa 125, unene 10. Kijitabu cha ndani kina eneo dogo karibu mara saba kuliko uso wa jalada la santuri, na wasanifu walilia sana. Kasha linavunjika bawaba likianguka tu, meno ya katikati yanakatika, kijitabu kinachanika kwenye vile vijino vya nusu mwezi. Kila mtu analitukana. Mimi nalitetea kwa jambo moja: makasha yote yanafanana, kwa hiyo la leo likivunjika unahamisha kijitabu na karatasi ya nyuma kwenye kasha jipya, na albamu imezaliwa upya. Lile jalada la kadibodi lililobandikwa trei ya plastiki, ambalo watu huliona la kistaarabu zaidi, likikatika meno limekufa. Trei imeshikwa na gundi, kadibodi imechapwa picha, huna pa kubadilisha. Ningependa walioliita la kifahari waje wanionyeshe linavyotengenezwa upya.

Kanda ya kaseti, tangu Philips walipoileta mwaka 1963, iliishi na kadi moja iliyokunjwa kama herufi J. Udogo wake haukuwazuia watu kuandika maneno ya nyimbo zote kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Siwezi kuipa maksi za chini. Mkunjo wake ni sahihi na haujawahi kunisaliti.

Kinachonikera ni masanduku makubwa ya matoleo ya kumbukumbu. Unajua yale: boksi zito, kitambaa nje, sumaku kwenye mfuniko, kitabu cha picha ambazo ziliachwa mara ya kwanza kwa sababu nzuri, na vikorokoro vya kuchezea. Halafu santuri yenyewe, kitu kilichokuleta dukani, imesukumwa ndani ya mfuko wa kadibodi tupu uliobana, bila karatasi laini, ikitoka na mikwaruzo siku ya kwanza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fedha zote zimekwenda kwenye sumaku. Mfuko wa ndani wenye utando laini, ambao bei yake ni kiduchu ukilinganisha na vyote hivyo, umesahaulika. Nimewahi kukataa kuendelea na kazi ya namna hiyo mpaka mteja akubali kuongeza milimita mbili za nafasi. Alinuna, akakubali.

Na isidhaniwe kuwa uzuri unataka gharama. Reid Miles alisanifu mamia ya majalada ya Blue Note, kampuni ya santuri za jazz, miaka ya 1950 na 1960, mengi yakiwa na wino wa rangi moja au mbili tu, picha za Francis Wolff zikikatwa bila huruma, herufi zikigeuzwa kuwa ndiyo picha yenyewe. Hakuwa hata mpenzi sana wa jazz. Lakini alijua kuacha nafasi tupu, na nafasi tupu haina gharama ya wino. Lemi Ghariokwu naye alichora majalada 26 ya Fela Kuti kwa njia iliyo kinyume kabisa: kila pembe imejaa watu, askari, vibonzo, maneno, kiasi kwamba upande mmoja wa santuri unakwisha bado hujamaliza kusoma jalada. Hayana tundu wala zipu. Ukiwa na santuri inayocheza na kiti, yanatosha.

Vijana wa muziki wa Korea wamerudisha mchezo kwa mlango mwingine: albamu moja inatoka kwa majalada kadhaa, ndani kuna kitabu cha picha, na kadi ya picha ya mwanabendi mmoja ambayo huwezi kuijua kabla ya kufungua. Uchapaji wake ni wa hali ya juu, hilo sina ubishi. Lakini mtu akinunua nakala nyingi kwa ajili ya kadi, CD inageuka kuwa kifungashio na kadi inakuwa bidhaa, na sisi wakataji tunafaidika kwa jambo ambalo si la kujivunia. Hata hivyo vifungashio vimerudi mezani. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri za vinili milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuipita CD kwa idadi, na hakuna atakayeniambia kuwa ni sauti peke yake iliyofanya hivyo.

Ukienda kununua Physical Graffiti iliyotumika, usidanganywe na uso wa mbele. Omba uitoe mifuko ya ndani yote miwili pamoja na ile karatasi ya katikati, kwani bila karatasi hiyo madirisha hayatamki jina. Tazama vipande vyembamba kati ya madirisha kwa kuinamisha jalada kwenye mwanga. Vikiwa vimenyanyuka, mwenye mali alikuwa akisukuma badala ya kutelezesha. Pitisha kidole ndani ya mgongo, gundi ikiwa imekauka na kupasuka utaisikia. Ukifika nyumbani, vua mfuko wa nje wa plastiki kama ni wa PVC, maana aina hiyo huacha ukungu juu ya vinili baada ya miaka, weka wa polithini, uisimamishe wima, usiilaze na nyingine juu. Santuri zenyewe zivishe mifuko mipya laini, ile ya asili yenye picha ibaki kazini kwake, nyuma ya madirisha.